Bibi, Mjukuu na Mlima Kitonga

Wanaume wa Dar es Salaam wenye kwao Nyanda za Juu wana mashindano ambayo hayajawahi kutangazwa popote. Pasaka au Krismasi ikiisha na wakakutana kazini, kabla ya kuulizana habari za wazee wanaulizana saa. "Ulitoka saa ngapi?" "Saa kumi na moja alfajiri." "Iringa ukaingia?" "Saa tano nipo Ipogolo, nakunywa supu." Anayesikiliza anatikisa kichwa kwa heshima, halafu anataja muda wake, ambao siku zote huwa mfupi zaidi kidogo.

Nimewahi kuwapigia hesabu. Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 500. Ukitumia saa sita bila kusimama hata kununua maji, umekwenda wastani wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Sasa toa foleni ya Kimara na Mbezi. Toa kila kijiji chenye kibao cha 50, na vijiji hivyo kuanzia Mlandizi hadi Ilula havina haraka ya kuisha. Toa kilomita 50 za Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako mwisho wa mwendo mchana ni 70. Toa Kitonga, ambako mwendo wako anaupanga dereva wa lori aliye mbele yako. Ukimaliza kutoa, unagundua kwamba bwana yule wa supu hajisifu, anakiri makosa, na kila kosa moja trafiki akikupiga tochi ni faini ya shilingi 30,000. Anakiri kwa sauti, mbele ya watoto, na tunampigia makofi. Kisha kila sikukuu tunasikia redioni ajali imetokea wapi, tunaguna, tunasema ni shetani.

Mume wangu alikuwa bingwa wa mashindano hayo. Nasema alikuwa, kwa sababu Pasaka moja ilimbidi asafiri na watu wawili wasio na habari nayo kabisa. Mmoja ni binti yetu, aliyekuwa na miaka minne na ndiyo kwanza ameanza darasa la awali. Mwingine ni mama yake mzazi, yaani mama mkwe wangu, ambaye tangu Krismasi ipite alikuwa kwetu akitibiwa mtoto wa jicho. Jicho lilipopona bibi alitangaza mambo mawili: Pasaka ataila kwake, na basi hapandi.

"Basi linapiga redio mpaka Iringa," alisema, "na ukitaka kujisaidia, konda anakuuliza kama unaumwa."

Shule zilikuwa zinafunga kwa likizo fupi, kwa hiyo safari ikapangwa. Tuondoke Alhamisi Kuu mchana, tulale Morogoro, Ijumaa Kuu asubuhi tuendelee, ili bibi awahi ibada ya saa tisa alasiri parokiani kwake. Mume wangu aliona aibu. Kulala Morogoro, ambako hata kilomita 200 hazijafika! "Watu watasema gari limekufa," alisema. Nilimwambia waseme. Kwa watu wawili wale, mmoja na magoti yake na mwingine na kibofu chake, siku moja ingekuwa adhabu, na adhabu hiyo ningeitumikia mimi niliyekaa nao nyuma.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa kiti. Tulikuwa tumenunua Kariakoo kiti cha mtoto cha mtumba, kile kinachofungwa kwa mkanda wa gari na chenyewe kina mikanda yake. Bibi alikizunguka, akavuta mkanda mmoja, akasema, "Mtoto mnamfunga kama mbuzi wa sikukuu?" Kwake yeye mtoto hupakatwa. Wanawe wote wamesafiri wamepakatwa, na hakuna aliyedondoka.

Sikumlaumu. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipotungwa haikuwaza viti vya watoto, na mpaka leo ukipita Morogoro Road jioni utaona watoto wamesimama katikati ya viti viwili vya mbele, kichwa kinakaribia kioo. Nilijaribu kumweleza bibi kwamba gari likigonga kitu kwa mwendo wa 50, kila kilichomo ndani ambacho hakikufungwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka kikute cha kukizuia, na kwamba mtoto wa kilo 16 hapo hashikiki na mikono ya mtu yeyote, awe bibi au bondia. Alinisikiliza kwa adabu ya mkwe. Hakukubali. Kilichomshinda ni mjukuu mwenyewe, ambaye alipoketi juu ya kile kiti aligundua kwamba macho yake sasa yako sawa na dirisha. "Bibi, naona mpaka miguu ya watu!" Kwenye mapaja mtoto huona mgongo wa kiti na mbingu. Kuanzia pale hakuna aliyemtoa, na tangu siku hiyo ninapotaka kumshawishi mzee kuhusu kiti cha mtoto siongelei ajali. Naongelea dirisha.

Jambo la pili halikuwa na ugomvi, lakini lilihitaji akili: matapishi. Hadi mwaka 2019 hakuna mama wa Kitanzania aliyelala akiwaza hili. Rambo zilikuwa kila mahali, kwenye basi konda alizigawa kabla ya milima kuanza. Tarehe 1 Juni mwaka ule mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na mimi ni mmoja wa waliofurahi, maana mitaro ya mtaani kwetu ilikuwa imeziba. Ila hakuna aliyetuambia watoto watatapikia wapi. Mfuko wa karatasi hauvumilii. Ule wa kitambaa unapitisha kila kitu. Jibu letu lilikuwa ndoo ndogo ya lita nne iliyokuwa ya rangi ya ukuta, yenye mfuniko unaobana mpaka unalia. Nikaiosha, nikatandika gazeti lililochanwachanwa chini yake, nikaiweka miguuni pangu. Pembeni yake poti, chupa kubwa ya maji, kanga mbili kuukuu, na sabuni ya kipande kwenye kisahani. Katuni kwenye simu tuliziacha nyumbani kwa makusudi. Macho yakiganda kwenye kioo cha simu, ubongo unaambiwa na macho kwamba tumetulia na unaambiwa na masikio kwamba tunayumba, na ugomvi huo humalizikia tumboni.

Kwa hiyo mtoto hakuwa na simu, redio bibi aliomba izimwe, na gari likawa halina pa kukimbilia isipokuwa maneno.

Barabara ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha tuliipita salama, ingawa pale stendi ya Magufuli Mbezi watu walikuwa wamejaa na mabegi mpaka barabarani. Baada ya Mlandizi na daraja la Ruvu tukaingia kwenye msururu wa malori yanayosubiri mizani ya Vigwaza. Ukiwa na haraka, msururu ule ni laana. Mume wangu alianza kupigapiga usukani kwa vidole. Binti yetu akaanza kuyasalimia malori kwa kuyapungia mkono, moja baada ya jingine. Mengine yalikuwa na namba za Zambia, mengine Kongo, mengine Malawi. Madereva wengine wakampungia.

"Bibi, lile limebeba nini?"

"Mafuta."

"Ya kupikia?"

"Ya magari. Yanakwenda Zambia."

"Kwa nini Zambia wasiwe na yao?"

Mtu mzima huuliza swali ambalo jibu lake analijua nusu. Mtoto anauliza lile ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria, na wakati mwingine linaangukia kwa mtu mwenye jibu. Bibi alinyamaza kidogo, akatafuta pa kuanzia, kisha akaanza kusimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia, na kwa jinsi vidole vilivyotulia kwenye usukani, mwanawe naye hakuwahi.

Alikuwa msichana wa miaka kama kumi, kwao karibu na Ilula, barabara ikiwa ya udongo. Ghafla malori yakaongezeka. Mchana na usiku, vumbi likawa halitui, nguo zinaanikwa nyeupe zinaanuliwa nyekundu. Yalibeba mapipa. Miaka mingi baadaye niliposoma niliunganisha: Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta mafuta yake yanategemea njia inayopita kwa adui. Ikabidi yapitie Dar es Salaam, kwenye mapipa, juu ya malori, kwenye barabara ile ambayo wazungu waliipachika jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA mpaka Ndola lilikuja mwaka 1968, reli ya TAZARA ikafuata baada ya mwaka 1970. Lakini bibi hakujua Ian Smith ni nani. Yeye alijua kwamba masika malori yalikwama, madereva wakalala siku kadhaa pembeni mwa barabara, na mama yake akawauzia mahindi ya kuchemsha na uji. Lori moja lilipinduka, mapipa yakabingirika mpaka mabondeni. Yaliyopasuka watu waliyaacha. Jingine likaonekana zima, halina kitu ndani, na baba yake akalileta nyumbani na jirani, wakilisukuma kwa miguu.

"Lilikwenda wapi hilo pipa?" mtoto akauliza.

"Lipo. Si lile la nyuma ya jiko?"

Mume wangu aligeuka kabisa, ikabidi nimkumbushe kwamba anaendesha. Pipa lile analijua. Amekinga maji ya mvua ndani yake, amefungiwa nje usiku akakaa juu yake, ameogeshwa kwa maji yake tangu hajui kutembea. Akawa na miaka karibu arobaini bila kujua kwamba lilikuwa njiani kwenda Zambia.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza. Ukija, unakuja mbio, unaondoka mbio."

Alisema bila ubaya wowote, akamwomba mjukuu wake ambaye humwita mke mwenzangu ampe chungwa.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi kichwani. Sisi huwa tunawalaumu wazee kwamba wanakufa na mambo yao. Wengine wanaandika vitabu vya kulalamika kwamba historia imepotea. Lakini nani anaweza kusimulia habari ya pipa kwa mtu anayeangalia saa? Maswali ya mtoto wa miaka minne hayana mpangilio wala haya, na ndani ya gari lililokwama hakuna anayeweza kuinuka akaenda kuangalia chakula jikoni. Nikiombwa ushauri na mtafiti yeyote anayetaka masimulizi ya wazee, nitamwambia aazime mtoto.

Morogoro tulifika giza halijaingia. Kwenye nyumba ya wageni bibi alimfundisha mjukuu Njia ya Msalaba, kwa kuwa kesho yake ni Ijumaa Kuu na alihofia mtoto ataingia kanisani hajui lolote. Alimweleza kwamba ina vituo 14, na kwamba kila kituo mnasimama, mnaomba, mnaendelea. Mtoto aliielewa sana, tena kwa namna yake. Asubuhi, tuliposimama Doma kununua ndizi, akauliza: "Hiki ni kituo cha ngapi?" Kila tuliposimama tangu hapo, iwe ni kujaza upepo au kunyoosha magoti, aliuliza vivyo hivyo, na bibi, ambaye nilitegemea angekasirika, alimjibu kwa namba.

Baada ya Doma unaingia Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200, na barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata katikati. Ni jambo la pekee, ukilifikiria: mtu aliyekwenda mazishini Mbeya anaona tembo bila kulipa kiingilio. Masharti ni kwamba uende polepole, uvumilie matuta, usishuke kwenye gari. Kuna pia bango linaloorodhesha wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja, kwa dola. Mume wangu alipunguza mwendo ili mtoto aone picha, bibi akasoma kwa jicho lake jipya.

"Bibi, twiga ni bei gani?"

Bibi akasoma, akahesabu, akaguna. "Huyu ni ghali kuliko mahari ya mama yako."

Sikujibu. Kuna mambo mkwe hajibu.

Ilikuwa masika na nyasi zilikuwa ndefu, kwa hiyo wanyama wengi walijificha. Tuliona swala, pundamilia, nyati kwa mbali, na twiga wawili waliotuangalia kwa dharau kutoka juu ya migunga. Nyani walikuwa barabarani, wakisubiri maganda ya ndizi kutoka kwa abiria wasio na adabu. Lakini binti yetu alivutiwa na kitu kingine kabisa. Katikati ya lami kulikuwa na mafungu makubwa ya kinyesi, mabichi, yenye majani yanayoonekana kabisa ndani yake.

"Nani amefanya hivi?"

"Tembo," baba yake akasema.

Akatafakari. Kisha akatangaza kwamba na yeye amebanwa.

Tulikuwa hatujafika hata katikati ya zile kilomita 50. Nikamwambia hapa hairuhusiwi kushuka, kuna simba, asubiri mpaka Mikumi mjini. Aliangalia nyuma, kwenye lami, na akasema neno ambalo sijapata jibu lake: "Tembo anaruhusiwa barabarani, mimi nakatazwa?"

Baba yake alisogeza gari pembeni, akawasha taa za tahadhari, milango ikabaki imefungwa. Nikafungua mikanda ya kiti, nikamteremsha suruali, poti ikawekwa katikati ya miguu yangu na ya bibi, bibi akaishika isiyumbe kwa mikono miwili. Na hapo mtoto akashindwa. Waliowahi kulea watajua. Alipobanwa alikuwa na haki, alipopewa nafasi akawa na aibu, kwa sababu twiga anaangalia. Bibi akamfunika kanga kichwani, mtoto mzima akapotea ndani ya kanga, na kutoka humo tukasikia alichokuwa anakisubiri kila mmoja wetu. Mume wangu alisema "Asante Mungu" kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kanisani. Nikafunika poti kwa kipande cha boksi, nikaishika mapajani mpaka Mikumi mjini kupitia kila tuta, na nakuhakikishia kwamba matuta yale ni mengi. Sijawahi kumtaka mtu aendeshe polepole kama siku ile, na sijawahi kumwona mume wangu akitii namna ile.

Toka hapo niliacha kuuliza "umebanwa?" Mtoto wa umri ule hujibu "hapana" hata kama anaruka kwa mguu mmoja. Siku hizi tukikaribia Doma, au sehemu yoyote ambayo mbele hakuna pa kusimama, tunashuka wote, na mimi ndiye wa kwanza kwenda chooni. Akiona bibi naye anakwenda, haachwi nyuma.

Ukitoka Mikumi mjini barabara inateremka kwenye bonde la Ruaha Mkuu, joto linapanda, mibuyu inaanza kusimama kila upande. Ruaha Mbuyuni wauzaji wa vitunguu wanakuja dirishani kabla hujazima injini. Bibi aliyekuwa analalamika magoti tangu asubuhi alishuka akiwa mzima kama msichana. Alichagua kitunguu kimojakimoja, akakibonyeza shingo kuona kama kimekauka, akakataa debe la kwanza kwa sababu vikubwa vilipangwa juu na vidogo vilifichwa chini, akataja bei yake, akaondoka, akaitwa, akarudi. Mjukuu alimshika kanga akimfuata kila hatua. Tulikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Ilikuwa inakaribia saa nane, na ibada ya saa tisa, yeyote aliyekuwa na saa mkononi alijua, ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwetu. Hakuna aliyesema.

Kitonga ilimaliza ubishi. Mlima ule barabara inakwea kwa kujikunja, ukuta wa mwamba na msitu upande mmoja, upande mwingine korongo. Mbele yetu kulikuwa na malori yaliyobeba kontena yakipanda taratibu kiasi kwamba utingo angeweza kushuka, akanunua karanga, akalikuta lori lake palepale. Yaliyokuwa yanashuka yalipita na harufu ya breki zilizochoka. Nyuma yetu gari dogo jeupe lilituwashia taa, likatupita kwenye kona ambayo hakuna mtu anaona mbele, likapotea. Nilimwona mume wangu akilitazama. Ningejua namba yake ningeiandika hapa. Mwaka mmoja kabla, dereva wa namna ile angekuwa yeye.

Kona ya tatu au ya nne, mtoto akanyamaza. Kimya cha mtoto mlimani ni taarifa. Midomo ilimpauka, akameza mate, nikaifungua ndoo ikawahi kwa sekunde chache. Zilirudi ndizi za Doma na chungwa. Bibi alimshika paji la uso kwa kiganja, kama wanavyofanya wazee wote, na sijui kwa nini inasaidia lakini inasaidia. Nikampa maji asukutue, nikabana mfuniko ukalia, nikafungua dirisha. Hewa ya Kitonga ilikuwa ya baridi na ukungu. Baada ya dakika kumi alikuwa anaomba biskuti.

Saa tisa ikatukuta hapo hapo, nyuma ya kontena. Bibi alitoa rozari kwenye pochi yake, akajifanyia ishara ya msalaba, akaanza Njia ya Msalaba kwa kichwa, hana kitabu. Hakutuomba ruhusa wala hakutulaumu. Lori lilikuwa linasimama, linaondoka, linasimama. Kila liliposimama, sauti ndogo ikauliza, "Hiki cha ngapi?" na bibi akajibu, "Cha tano, Simoni anamsaidia Yesu," kisha akaendelea. Cha saba Yesu anaanguka mara ya pili. Mtoto akataka kujua kama alitapika. Bibi akasema pengine, alikuwa amechoka sana.

Mimi si mtu wa ibada kama mama mkwe wangu, lakini nilisali yote 14. Mume wangu alisali akiwa kwenye gia ya kwanza.

Juu ya mlima mambo yalikwenda haraka. Ilula tulinunua nyanya. Kwenye mnara wa Lugalo bibi hakushuka, aliinua tu mkono kuonyesha: hapa, Agosti 1891, watu wa Mtwa Mkwawa waliwavizia Wajerumani wa kamanda Zelewski wakawamaliza, na Zelewski mwenyewe akabaki hapo. Mtoto aliuliza kama Wajerumani walikuja na gari. Walikuja kwa miguu. "Ndiyo maana," akasema, na sijui alimaanisha nini. Jua likizama tulikuwa nyumbani kwa bibi, watoto wa jirani wakimfundisha binti yetu kusema kamwene badala ya hujambo, na yeye akiwaburuta mmoja mmoja nyuma ya jiko kuwaonyesha pipa la Zambia. Kumbe wale walikuwa wanacheza juu yake kila siku.

Jumatatu ya Pasaka tulimpeleka Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa, kwenye nguzo zile za udongo zilizochongwa na mvua, na kwenye mashoka ya mawe ya watu walioishi pale zaidi ya miaka laki mbili iliyopita. Nilikuwa na matumaini makubwa. Aliyaangalia mawe, akaambiwa asiguse, akapoteza hamu. Alichokumbuka Isimila ni mjusi. Mtoto mdogo huwezi kumpangia kitakachomgusa, na mzazi anayelipia kivutio akitegemea shukrani atarudi na hasira. Sisi tulikuwa tumeshapewa pipa bure.

Nilidhani kurudi kungekuwa kwepesi, kwa kuwa abiria mmoja amebaki. Haikuwa hivyo. Tumefika Ilula tu, maswali yakaanza, na safari hii yalielekezwa kwa baba. Nani alipanda mibuyu? Malori yanayorudi kutoka Zambia yamebeba nini? Ulipokuwa mdogo ulitapika Kitonga? La mwisho alilijibu. Mengine hakuwa nayo, na hakuwa na mazoea ya kusema sijui. Tulipofika Ruaha Mbuyuni alisimama bila kuombwa, akanunua debe la vitunguu kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, akampigia mama yake simu, akaiweka sauti ya juu.

"Bibi, nani alipanda mibuyu?"

"Hakuna aliyeipanda, mke mwenzangu. Mko wapi?"

"Kituo cha vitunguu!"

"Baba yako amenunua?"

"Amenunua debe."

"Mwambie akuambie bei gani."

Mume wangu akataja. Upande wa pili kukawa na kicheko kirefu, kisha bibi akamtaka mwanawe aende kumwaga lile debe mbele ya muuzaji aangalie chini kuna nini, akashuka akaenda, na mtoto akafungua mikanda yake amfuate.